Baba Mawazo Anacheza Nje ya Mstari

Ukiwa Cibitoke, mtaa wa Bujumbura, Jumamosi alasiri, miaka ile baada ya uhuru, na ukitaka kujua kama vijana wa parokia wana mechi, hukuwa na haja ya kwenda uwanjani. Ulisimama mlangoni kwako, ukatega sikio. Sauti ya Birindwa ikisikika, mechi ipo. Isiposikika, ama mvua imenyesha ama Birindwa anaumwa, na Birindwa hakuwa mtu wa kuumwa.

Alikuwa mfupi, kifua mbele, kisigino hakigusi chini sawasawa, kama mtu anayengoja kuitwa aingie. Alitoka Bukavu, Kongo, na mkewe Odette mwaka wa sitini na nne, vita vilipochacha, wakiwa na godoro, sufuria na mtoto wao wa kwanza, Mawazo. Bujumbura alipata kazi Quartier Asiatique, mtaa wa maduka ya Wahindi, katika duka la vitambaa la Bwana Mohamadi: kupima vitenge kwa kijiti cha meta, kukata, kukunja, na kumwambia kila mama kwamba rangi hiyo imemkaa. Kazi aliiweza. Lakini ukimwuliza kazi yako nini, alikuambia kwanza kwamba yeye ni mchezaji wa mpira. Habari za vitenge zilikuja baadaye, kama ulikuwa na subira.

"Mi nilichezaka Bukavu," alisema. "Winga ya kushoto. Batu balitoka Uvira kuniangalia."

Binamu yake Namegabe, aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Jabe, aliijua hadithi hiyo kwa upande wake wa nyuma. Kwa maelezo ya Namegabe, Birindwa alicheza mechi mbili: ya kwanza kwa sababu mwenye namba aliugua matubwitubwi, ya pili kwa sababu matubwitubwi yalikuwa hayajaisha. Na watu wa Uvira walikuja kweli siku ile, ila walikuja arusini.

Basi, Mungu alipomnyima Birindwa mguu, alimpa mtoto wa kiume, na Birindwa akaona hesabu imelingana. Mawazo alipofikisha miaka kumi na mitatu, mwalimu Anselme, aliyefundisha shule ya msingi na kuongoza timu ya parokia, alimwona akicheza njiani na wenzake akamwita. Mtoto alifurahi. Baba yake hakufurahi. Baba yake alitangaza. Alitangaza dukani, alitangaza kanisani mlangoni, akamtangazia hata fundi wa baiskeli ambaye hakumwuliza kitu.

Jina la mtoto lilikuwa Mawazo, lakini tangu siku ile baba yake hakumwachia hata wazo moja la kwake. Asubuhi alimwamsha kabla jogoo hajawika, ili akimbie hadi mtoni Ntahangwa na kurudi, Birindwa mwenyewe akimfuata kwa baiskeli, akimhimiza. Alimnywesha mchuzi wa kwato za ng'ombe, eti kwato huingia kwenye kwato. Kabla ya mechi alimpaka miguu mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, mtoto akatokea uwanjani ana miguu ya rangi ya karoti, na vumbi lote la Cibitoke likamkamata kuanzia kifundo hadi goti. Wenzake walimwita Beignet, yaani andazi la mafuta.

Siku ya mechi ya kwanza alimshindilia bugali na maharage mpaka mtoto akawa anapumua kwa mdomo.

"Baba Mawazo," Odette alisema, "mutoto anaenda kukimbia, haendi kulima. Mupunguzie."

"We unajua nini ya mupira? Gari bila esansi inatembea?"

Gari lilitembea dakika chache, kisha likainama kwenye kibendera cha kona na kumwaga esansi yote. Birindwa akasimama mstarini, mikono juu, akawaelezea waliokuwa karibu kwamba mtoto amerogwa na watu wa mtaa wa pili.

Kweli ni kwamba Mawazo hakuwa mchezaji mbaya. Hakuwa na mbio, hakuwa na shuti, lakini alikuwa na jicho. Alijua mwenzake yuko wapi kabla mwenzake hajafika, akampelekea mpira taratibu, kama mtu anayempa mgeni kiti. Mwalimu Anselme alilipenda sana jambo hilo. Birindwa aliliona kuwa ni ugonjwa.

"Usimupe mutu!" alipiga kelele kutoka mstarini. "Ni ya kwako! Piga chenga! Piga mwenyewe!"

"Pasi, Mawazo, pasi!" mwalimu Anselme aliita kutoka upande wa pili.

"Piga!"

"Pasi!"

Mtoto akasimama katikati na mpira mguuni, akitazama huku, akitazama kule, kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Mlinzi wa timu nyingine akaja, akauchukua mpira bila hata kuharakisha, akamwambia "asante".

Kisha kulikuwa na safari ya kurudi nyumbani, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi ndefu kuliko zote. Kutoka uwanjani hadi nyumbani si mbali, lakini Birindwa aliijaza. Alirudia kila mpira uliopotea, akaonyesha kwa mguu wake mwenyewe pale njiani namna ulivyopaswa kupigwa, akipiga maganda ya ndizi na mara moja akapiga jiwe, akachechemea siku mbili na kusema ni jeraha la zamani la Bukavu. Mawazo alitembea nyuma, viatu mkononi, akijibu "ndiyo, baba". Nyumbani, Odette alimwekea maji ya kuoga, akamtazama magoti, akamwuliza kama ana njaa. Halafu alikaa naye jikoni bila kusema neno juu ya mpira, na Birindwa, akiwaona, alisikitika kwamba mtoto hapati msaada wowote kwa mama yake.

Bwana Mohamadi naye alianza kuchoka, kwa sababu kila siku ya mazoezi fundi wake wa kupima alitoroka kabla ya saa.

"We, Birindwa," alimwambia siku moja, "mutoto ndiye anacheza ao ni we?"

"Bwana, mutoto bila baba ni mupira bila upepo."

"Na mupira ukitiwa upepo mingi?"

Birindwa alikuwa keshavuka barabara.

Siku hiyo alitoroka kwa haraka mno, akajikuta uwanjani na kijiti cha meta mkononi. Timu ya parokia ilikuwa imepata mpira wa adhabu karibu na goli, na watoto wa upande wa pili walikuwa wamejipanga ukuta mbele yake. Birindwa alitazama ukuta ule, akaona umesogea.

"Refa! Bako karibu!"

Refa alikuwa Sébastien, katekista, mtu mpole aliyepuliza filimbi kama anayeomba radhi. Alisema ukuta uko sawa. Birindwa hakubishana. Aliingia uwanjani, akainama, akaanza kupima nyasi kwa kijiti chake kuanzia kwenye mpira, makalio juu, akihesabu kwa sauti ile ile ya dukani. Alipofika kwenye ukuta aliinuka, akafuta jasho, na uso wake ukabadilika. Ukuta haukuwa karibu. Ukuta ulikuwa mbali kuliko sheria inavyotaka.

Katekista Sébastien alikuwa mtu wa haki. "Asante, baba," alisema, akausogeza ukuta mbele kama kipimo kilivyoonyesha. Mpira ulipopigwa ukamgonga mtoto wa kwanza tumboni na kurudi ulikotoka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mawazo hakucheka. Aliitazama ardhi kana kwamba anatafuta mahali ilipo laini.

Kuanzia wiki hiyo tumbo la Mawazo likawa linauma kila Jumamosi. Jumapili lilipona. Birindwa aliongeza mchuzi wa kwato. Wiki ya tatu mwalimu Anselme alikuja nyumbani jioni, kofia mkononi, akapewa kiti na kikombe cha chai.

"Baba Mawazo," alianza, "mutoto amekuja kwangu. Anataka kuacha."

"Anaumwa?"

"Apana, haumwi. Amechoka kusikia."

"Kusikia nini?"

Odette, aliyekuwa anachambua mchele karibu na mlango, ndiye aliyejibu. "Kukusikia we."

Birindwa aliinuka, akakaa, akainuka tena. Alisema yeye ameacha kazi yake kwa ajili ya mtoto huyu. Alisema yeye amechezaka Bukavu. Alisema kuna wababa hapo mtaani ambao hawajui hata mtoto wao anacheza namba gani, na hao ndio wanaosifiwa.

"Basi mi nifanye nini?" aliuliza mwishoni, kwa uchungu wa kweli. "Nikae pale kama nyama ya buchani?"

"Ukae tu," mwalimu alisema. "Umuache alale asubuhi. Umupe chakula kidogo, mapema. Akicheza muzuri, upige makofi. Akicheza vibaya, upige makofi kidogo. Ya kumufundisha, uniachie mi. Akiwa na sauti mbili, hana hata moja."

"Na njiani?"

"Njiani mutembee."

"Mi akirudi namuulizaka kama amekula," Odette aliongeza, bila kuinua macho kwenye mchele. "We unamuulizaka juu ya nini hakupiga. Sasa yeye akisikia mulango, tumbo inaanza."

Birindwa aliahidi. Na Jumamosi iliyofuata alishika ahadi, kwa namna yake. Hakusema neno. Badala yake alikimbia mstarini huku na huku akitoa maagizo kwa mikono: alionyesha, alipunga, alikata hewa, aliushika moyo, alipiga magoti. Mtu aliyepita njiani alidhani kuna nyuki. Wachezaji wa akiba wa timu nyingine wakajipanga nyuma yake, wakaigiza kila alichofanya, na yeye, kwa kuwa hakugeuka, alifikiri watu wanamcheka refa.

Mawazo hakuacha. Mwalimu alimwomba asubiri mpaka mechi za sikukuu ya uhuru zipite, na mtoto akakubali, kwa sababu alimpenda mwalimu, na kwa sababu, mawese yote yale yakiondolewa, alipenda mpira pia.

Mwezi wa saba uwanja ulikuwa umekauka, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mechi ya mwisho ilikuwa kati ya parokia na vijana wa mtaa wa Jabe. Watu walijaa: wamama na vitenge vipya, wauza karanga, kwaya nzima na padri mzee kwenye kiti chake. Birindwa alivaa koti. Alijiambia atanyamaza, na huenda angenyamaza kweli, lau Mungu asingemweka Révérien karibu naye.

Révérien alikuwa karani wa forodha, mtu mnene, mwenye kalamu mfukoni hata sikukuu, na mwanawe Sylvère alikuwa mlinzi wa Jabe. Huyu hakuwa amemwahidi mtu chochote. "Muvunje!" alimwambia mwanawe kila Mawazo alipogusa mpira. "Muonyeshe njia ya Bukavu!"

Birindwa alimtazama mtu huyu anayepayuka, anayerusha mate, anayemfokea mtoto wa watu mbele ya watu, na akaona aibu kubwa. "Kuna batu," alimwambia jirani yake, "habajui kukaa kwenye mupira." Alisema hivyo kwa unyofu kabisa.

Kisha mpira ukatoka nje, ukaviringika hadi miguuni mwao. Révérien aliuokota akawatupia vijana wa Jabe. Birindwa aliudaka hewani. "Ni ya parokia!"

"Ya Jabe! Mupira umegusa mutoto wako!"

"Haukumugusa!"

"We una macho kweli?"

Révérien akaushika mpira, Birindwa hakuuachia, na baba wawili wazima, mmoja mwenye koti na mmoja mwenye kalamu, wakaanza kuvutana, wakateleza, wakaanguka na mpira katikati yao, wakaviringika ndani ya uwanja hadi karibu na duara la kati. Wachezaji wote walikusanyika kutazama. Sylvère na Mawazo walisimama bega kwa bega.

"Ni baba yako yule wa chini?" Sylvère aliuliza.

"Sasa hivi ni wa chini," Mawazo alisema.

Haukuwapo mpira mwingine. Katekista Sébastien alipuliza filimbi mpaka shavu likamwuma. Mwishowe padri mzee aliinuka kitini, akawaita wanaume wanne wa sauti nzito wa kwaya, nao wakawabeba wazee wale mmoja mmoja, wakawaingiza katika ghala la parokia nyuma ya kanisa, wakafunga mlango. Mpira ulibaki uwanjani, na mechi ikaendelea.

Ndani ya ghala mlikuwa na magunia ya maharage, kiza kidogo, na dirisha dogo juu sana, la kupitishia hewa. Walikaa kila mmoja kwenye gunia lake, wakihema, wasiangaliane. Koti la Birindwa lilikuwa limeachana mgongoni. Kalamu ya Révérien ilikuwa imemwaga wino wote kwenye shati.

"Koti hiyo utalipa," Birindwa alisema.

"Na shati?"

Huko nje sauti zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Walianza kusikiliza bila kutaka. Mtu aliita, mwingine akaitikia, halafu ukimya ule unaokuja kabla ya jambo, na mara mlipuko wa watu wote pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, ngoma ya kwaya ikalia.

"Goli!" wote wawili walisema.

"Ya nani?"

Hakuna aliyejua. Waliruka kutoka kwenye magunia, wakaenda chini ya dirisha. Birindwa hakulifikia. Révérien hakulifikia.

"Inama," Birindwa alisema.

"Mi? Mi ni mutu wa forodha!"

"We ni mupana. Inama, nitakuambia kama ni Sylvère."

Révérien aliinama, akilaani. Birindwa alipanda mgongoni mwake na viatu vyake vya sikukuu, akajivuta, akaweka pua kwenye tundu la dirisha. Aliona ukuta wa kanisa. Kando ya ukuta aliona kipande cha uwanja chenye ukubwa wa meza, na katika kipande hicho vumbi, na katika vumbi rundo la watoto waliolaliana. Chini kabisa ya rundo ulitokeza mguu mmoja.

"Nini unaona?" Révérien aliguna.

"Muguu."

"Wa nani?"

Birindwa aliutazama mguu ule kwa muda mrefu. Ulikuwa na soksi ya rangi ya parokia, na juu ya soksi kiraka ambacho Odette alikuwa amekishona wiki ile. Aliteremka polepole.

"Ni mutoto wangu," alisema.

"Amefanya namna gani?"

"Sijui," Birindwa alisema. "Sikuona." Akakaa kwenye gunia, na Révérien, akijikanda mgongo, akaja kukaa kwenye gunia la karibu yake.

Walifunguliwa mechi ilipokwisha. Parokia ilikuwa imeshinda kwa goli hilo moja, na kila mtu aliyekuwa uwanjani alikuwa ameliona: wauza karanga waliliona, mama wa kwaya asiyeona vizuri aliliona, hata Bwana Mohamadi, aliyefika kumtafuta mtu wake, aliliona. Watu walimpungia mkono Birindwa kwa adabu iliyozidi. "Hongera, baba. Pole pia."

Njiani kurudi nyumbani Odette alitangulia na watoto wadogo. Birindwa alitembea nyuma na Mawazo. Alinyamaza mpaka kwenye kona ya fundi wa baiskeli, kisha akashindwa.

"Mawazo."

"Ndiyo, baba."

"Ilikuwa namna gani?"

Mtoto alimtazama, akitafuta mtego ulipo. Hakuuona. Basi akaanza kueleza, kwa maneno machache kwanza. Mpira ulitoka kwa golikipa. Yeye alitaka kumpa mwenzake wa kulia, kama kawaida, lakini mwenzake alikuwa amezibwa, na Sylvère alikuwa ameangalia nyuma, upande wa ghala. "Mi pia niliangalia," Mawazo alisema. "Ilikuwa kimya, baba. Nilisikia mpaka miguu yangu." Basi akapita. Kisha golikipa akatoka, na yeye hakupiga kwa nguvu, aliusukuma tu. Kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kusema, akionyesha kwa mikono, akirudi nyuma kueleza jambo alilolisahau, na walipofika nyumbani walisimama nje ya mlango kwa sababu goli lilikuwa bado halijaingia.

Usifikiri Birindwa aligeuka malaika. Msimu uliofuata padri alimruhusu uwanjani kwa sharti kwamba aje na mkewe, na Odette alikuja na muwa. Kila Mawazo alipoukaribia mpira, alimkatia mumewe kipande: "Tafuna." Mtu mwenye muwa mdomoni hawezi kusema "piga". Mara mbili tatu aliutema kwa wakati na kusikika hadi barabarani, Odette akampa kipande kirefu zaidi. Mawazo alicheza miaka mitatu mingine, akafunga mara chache, akatoa pasi nyingi, na hakuumwa tumbo. Mbio za alfajiri zilikufa kwa sababu baiskeli iliuzwa, na Birindwa alisema ni uamuzi wake.

Alipofikisha miaka kumi na saba Mawazo aliacha timu akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Hakukuwa na ugomvi. Aliaga, akamrudishia mwalimu Anselme jezi iliyofuliwa na kunyooshwa. Aliyelia ni Birindwa, naye alisema ni vumbi.

Lakini Jumamosi hakuweza kukaa nyumbani. Aliendelea kwenda uwanjani, akakaa chini ya ukuta wa kanisa na Révérien, ambaye Sylvère wake naye alikuwa ameshaacha mpira na kuwa mchezaji wa ngoma za arusi. Wakawa wazee wa mstari. Baba kijana akianza kumfokea mwanawe, Birindwa aliinuka, akamwendea, akamshika bega kwa upole.

"Mwanangu," alimwambia, "mutoto hachezi hivyo. Muache. Mi nililea muchezaji hapa hapa, goli ya sikukuu ya uhuru ni ya kwake, na sikupandishaka sauti hata siku moja."

"Hata siku moja?" baba kijana aliuliza.

"Uliza huyu."

Révérien alivua kofia. "Ni kweli," alisema. "Tulikuwaka tumekaa pamoja, kimya kabisa. Goli hiyo tuliiona vizuri sana."